KAZI ZA AFYA SI UDAKTARI PEKE YAKE
Kwa wanafunzi wa S2 na S3, na kwa wazazi wao



Mwulize mtoto wa S2 mwenye alama nzuri anataka kufanya kazi gani, atakujibu haraka: daktari. Mwulize jirani yake mwenye alama za katikati, atatazama chini. Amekwisha kujihukumu kwamba mambo ya hospitali si yake. Ukurasa huu tumeuandika kwa ajili ya wote wawili, lakini zaidi kwa huyo wa pili, kwa sababu ndiye anayepoteza nafasi bila kujua kwamba ilikuwapo.

Jambo lenyewe lina haraka. Hapa Rwanda mwanafunzi anayemaliza S3 huchagua masomo atakayoyafuata kuanzia S4 hadi S6. Akiacha bayolojia na kemia wakati huo, karibu milango yote ya kazi za afya hufungwa, na kuifungua tena baada ya miaka mitatu ni shida na gharama. Uamuzi mkubwa namna hiyo hufanywa na kijana wa miaka 15 au 16, mara nyingi kwa kufuata marafiki zake tu. Kwa hiyo someni pamoja, mzazi na mtoto, kabla fomu haijajazwa.

MTOTO ALIYEVUNJIKA MGUU

Tuchukue hospitali moja ili tuone ndani yake. Iko Masaka. Tunasema Masaka ya Kigali, katika Wilaya ya Kicukiro, pembeni mwa jiji upande wa mashariki. Si ule mji wa Masaka wa Uganda ambao baadhi yenu mliwahi kuupita. Hospitali ya Wilaya ya Masaka ilijengwa kwa msaada wa China na ikafunguliwa mwaka 2011, na madaktari wa Kichina wamekuwa wakija kwa zamu kufanya kazi pamoja na wenzao wa Rwanda. Katika miaka hii ya 2020 ilianza kupanuliwa kuwa hospitali kubwa yenye vitanda zaidi ya 800, kwa mpango wa kuihamishia huko CHUK, ile hospitali ya katikati ya jiji ambayo wengi wenu mnaijua kwa sababu ya karatasi za transferi. Tena mwezi wa Oktoba 2023 ilifunguliwa hapo hapo Masaka taasisi ya IRCAD Africa, tawi la taasisi ya Strasbourg, Ufaransa, ambapo madaktari wa upasuaji hujifunza kupasua kwa tundu dogo na kamera badala ya kufungua tumbo lote. Sehemu ambayo zamani ilikuwa mashamba sasa inageuka kuwa mji wa tiba. Mji kama huo hauendeshwi na madaktari peke yao.

Tuseme mtoto ameanguka kutoka mtini, mguu umevunjika, akapelekwa hospitali kama hiyo. Ninyi mtamkumbuka daktari aliyempasua. Hebu tuhesabu wengine.

Anayempokea ni mwuguzi, ambaye kazi yake ya kwanza ni kutazama nani ana hatari zaidi kati ya waliokaa kwenye benchi. Hafuati nani alifika wa kwanza. Mzazi asiyejua hilo hukasirika na kusema anaonewa, kumbe mwuguzi ameona kwamba yule mtoto mwingine anapumua vibaya. Kisha mtoto anapelekwa kwa mtaalamu wa picha za eksirei, ambaye amesomea mionzi: namna ya kupata picha safi, na namna ya kumkinga mgonjwa na kujikinga mwenyewe, kwa maana mionzi haionekani wala haiumi siku ile. Mtaalamu wa maabara anachukua damu kidogo, anapima kundi la damu na wingi wake. Akikosea kundi, mgonjwa anaweza kufa kwa damu aliyotiwa ili apone. Huyu mtu wa maabara mgonjwa haoni hata uso wake, lakini daktari hawezi kuamua mengi bila karatasi yake.

Damu yenyewe imetoka kwa watu waliojitolea, ikapimwa na kutunzwa kwenye baridi. Kwa hospitali zilizo mbali na barabara nzuri, tangu Oktoba 2016 Rwanda hutumia ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, zilizoanzia Muhanga, kudondosha mifuko ya damu kwa parashuti. Nyuma ya ndege hiyo kuna watu wa benki ya damu, watu wa simu na mafundi.

Chumba cha upasuaji nacho kina watu wake. Yuko anayempa mgonjwa dawa ya usingizi, yaani nusu kaputi, ambaye hasogei kichwani pa mgonjwa mpaka aamke. Anatazama pumzi na mapigo ya moyo wakati wengine wote wanatazama mguu. Yuko mwuguzi wa upasuaji anayehesabu vitambaa na vyombo kabla na baada, kisibaki kitu ndani. Yuko aliyechemsha na kusafisha vyombo hivyo usiku. Baadaye wodini, wauguzi watakaa na mtoto mchana na usiku, saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Mfamasia atatoa dawa kwa kipimo cha uzito wa mtoto, si cha mtu mzima. Na mfupa ukishaunga atakuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wanayemwita fizio, amfundishe kutembea upya. Wengi humdharau huyo, wakidhani ni mtu wa kukandakanda. Lakini mtoto aliyepasuliwa vizuri na kukosa mazoezi anaweza kubaki anachechemea maisha yake yote.

Kuna wengine hatukuwataja: mkunga, mtaalamu wa meno, wa macho, wa lishe, mshauri wa magonjwa ya akili, fundi anayetengeneza mashine za oksijeni, karani anayetunza takwimu. Kila mmoja ana shule yake na cheti chake. Baadhi ya kozi hizo waombaji ni wachache kuliko kwenye udaktari, na mtu mwenye alama za katikati ana matumaini zaidi huko.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawalijui: vituo vingi vya afya vya Rwanda havina daktari kabisa. Huongozwa na mwuguzi. Yeye ndiye anayepima, anayetibu, anayeamua huyu arudi nyumbani na huyu apewe transferi kwenda hospitali ya wilaya. Kwa hiyo ukimwona mwuguzi mkuu wa kituo, usidhani ni daktari aliyeshindwa mtihani. Ni kazi nyingine, yenye elimu na madaraka yake.

KAZI YA PILI: KUZUIA UGONJWA USIANZE

Mpaka hapa tumezungumza juu ya tiba, yaani mgonjwa mmoja mmoja. Iko kazi nyingine inayoitwa afya ya jamii. Mtu wa afya ya jamii hamwangalii mgonjwa mmoja. Anaangalia kambi nzima, wilaya nzima, na swali lake ni: kwa nini watu hawa wanaugua, na tufanye nini wasiugue?

Wazee wetu waliokuwa Goma mwaka 1994 wanajua maana ya swali hilo bila kufundishwa. Mwezi wa Julai mwaka ule, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi katika Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano, haichimbiki kwa jembe. Vyoo havikuwapo, na maji watu waliteka Ziwa Kivu. Kipindupindu kiliingia, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Madaktari walikuwapo, wengine walifika kwa ndege kutoka nchi nyingi, na walifanya kazi usiku na mchana. Lakini daktari mwenye chupa ya maji ya mshipani anamwokoa mtu mmoja wakati watu mia wanakunywa maji yale yale nje ya hema lake. Kilichovunja nguvu ugonjwa ule ni pamoja na maji safi yaliyoletwa kwa magari na mabomba. Mtu aliyetia klorini katika tangi siku ile hakuvaa koti jeupe, na hakuna mgonjwa aliyemshukuru, kwa sababu waliookolewa naye hawakuugua.

Hiyo ndiyo shida ya kazi hii, na ndiyo sababu vijana hawaiombi: matokeo yake hayaonekani. Lakini ninyi wenyewe mmeshapita mikononi mwake. Wasichana mliosoma hapa, mnakumbuka sindano mliyochomwa shuleni mkiwa na miaka kama 12? Ile ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitoa kwa wasichana wa nchi nzima, mwaka 2011. Kuna watu waliokaa wakahesabu wasichana wako wangapi na wako wapi, wakapanga friji na magari, wakafundisha walimu, wakaenda kuwatafuta wale ambao hawakufika shuleni siku ile. Wote hao ni watu wa afya ya jamii.

Mfano wa karibu zaidi ni Marburg. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ni ndugu ya Ebola, na katika milipuko mingine iliyopita umewahi kuua zaidi ya nusu ya waliougua, mahali pengine hata wanane katika kumi. Safari hii walithibitishwa wagonjwa 66 na wakafa 15. Wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya wenyewe, walioambukizwa walipokuwa wakiwatunza wengine. Tarehe 20 Desemba 2024 ilitangazwa kwamba umekwisha.

Tazama jinsi kazi mbili zilivyoshikana hapo. Upande wa tiba, wauguzi na madaktari walikaa na wagonjwa mahututi, wengine wakiwa kwenye mashine za kupumulia. Wagonjwa wawili waliondolewa mashine hiyo wakapona, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika kwa ugonjwa huu. Upande wa afya ya jamii, watu waliandika majina ya kila aliyemgusa mgonjwa, wakampigia simu au kumtembelea kila siku kwa siku 21, wakamwuliza: una homa? Maabara zilipima maelfu ya sampuli. Majaribio ya chanjo yalianza tarehe 6 Oktoba, siku tisa tu baada ya tangazo. Wengine walifuatilia ugonjwa nyuma hadi chanzo chake, wakafika kwenye mgodi wenye popo wala matunda. Mwandika majina na daktari wa chumba cha mahututi walikuwa wanapigana na kitu kimoja.

Na mlango wa kazi hii uko hapa hapa nyumbani. Katika vijiji vya Rwanda tangu mwaka 1995 kuna washauri wa afya, wanaoitwa kwa Kinyarwanda abajyanama b'ubuzima. Huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanaume na wanawake. Hutibu malaria, kuhara na nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano, hupima utapiamlo kwa utepe wa mkononi, na humpeleka mgonjwa kituoni mapema. Katika kambi wako wakimbizi wenzetu wanaofanya kazi ya namna hiyo hiyo nyumba kwa nyumba. Waliotoka Kongo wanawafahamu kwa jina la reko. Si kazi ya mshahara mnono, hilo tusifichane. Lakini kijana aliyemaliza shule na kukaa bila kazi akijitolea mwaka mmoja huko, atajua kama moyo wake unaipenda kazi ya afya au hapana, na atakuwa na barua ya kuonyesha anapoomba masomo.

WAWILI KUTOKA KWETU

Tuwataje Wakongo wawili ambao majina yao yamefika duniani kote, mmoja kwa kila kazi.

Dokta Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto alikuwa akifuatana naye kwenda kuwaombea wagonjwa. Alisomea udaktari Burundi. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, aliona akina mama wakifa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa mwaka 1996. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambayo imewatibu maelfu ya wanawake waliodhulumiwa katika vita, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Profesa Jean-Jacques Muyembe yeye hujulikana kidogo zaidi kwa watu wa kawaida, na sisi tunaona si haki. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa Kongo, mahali watu walipokuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, maana hazikuwapo, akanawa mikono kwa sabuni na maji. Ugonjwa ule baadaye ukaitwa Ebola. Hakuacha kuufuata maisha yake yote. Kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, yeye na wenzake wa nje walifikia dawa ambayo mwaka 2019, katika majaribio yaliyofanyika mashariki mwa Kongo, ilionekana kuokoa wagonjwa wengi wakiwahi kutibiwa. Muyembe ni daktari, lakini sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa maabara na kufuatilia milipuko.

NJIA ZA SHULE

Sasa tuje kwenye mambo ya kufanya.

Kwanza masomo ya S4. Majina ya michepuo yamekuwa yakibadilika. Kwa miaka mingi wanafunzi walizoea herufi kama PCB, MCB na BCG, na mfumo huo umeanza kubadilishwa. Usishike herufi. Shika masomo: bayolojia na kemia yawepo yote mawili, na ukiweza fizikia au hesabu. Uliza shuleni uchaguzi unajazwa lini, na usingoje matokeo ya mtihani ndipo uanze kuuliza.

Pili, iko njia fupi. Tangu mwaka 2021 Rwanda imerudisha masomo ya uuguzi katika sekondari, miaka mitatu baada ya S3, katika shule chache zilizochaguliwa. Mhitimu huwa mwuguzi msaidizi. Kwa familia isiyoweza kungoja miaka saba au minane mpaka kijana apate kazi, njia hii inafaa kutazamwa kwa makini. Nafasi ni chache na wanaoziomba ni wengi, kwa hiyo alama za sayansi na Kiingereza lazima ziwe nzuri.

Tatu, chuo. Chuo Kikuu cha Rwanda kina koleji ya tiba na sayansi za afya, ambamo husomeshwa uuguzi, ukunga, maabara, mionzi, nusu kaputi, famasia, meno, mazoezi ya viungo, lishe, afya ya mazingira na mengine. Uuguzi na ukunga ngazi ya A1 huchukua miaka 3, na A0 miaka 4. Kozi nyingi nyingine ni miaka 4. Udaktari ni miaka 5 au zaidi, na baada yake mwaka wa mazoezi hospitalini. Tangu mwaka 2015 kuna pia chuo cha UGHE, chenye makao yake Butaro katika Wilaya ya Burera, kinachofundisha udaktari pamoja na afya ya jamii kwa nguvu sawa. Baada ya chuo, popote uliposoma, huwezi kugusa mgonjwa bila leseni ya baraza la taaluma yako: wauguzi na wakunga wana baraza lao, madaktari wana lao, na wa maabara na mionzi wana lao.

Je, mkimbizi anaruhusiwa? Ndiyo. Sheria ya Rwanda inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na wanafunzi wakimbizi husoma pamoja na wenyeji na kufanya mitihani ile ile ya taifa. Wahudumu wenyewe bado ni wachache. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ilianza mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne, kwa sababu nchi ilikuwa na takriban mmoja kwa kila watu 1,000, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba madaktari, wauguzi na wakunga wanapaswa kuwa zaidi ya wanne kwa idadi hiyo. Wagonjwa hawatakwisha, wala kazi hii.

Pesa ndiyo mlima. Msaada unaojulikana zaidi ni wa DAFI, unaotolewa kupitia HCR kwa fedha za Ujerumani na wafadhili wengine, na ambao umekuwapo tangu mwaka 1992. Hulipia chuo kikuu, si sekondari, na hutazama sana alama. Wengine wamesaidiwa na mashirika ya dini au na vyuo vyenyewe. Tunawaambia ukweli kwamba fedha za wakimbizi zilipunguzwa sana mwaka 2025, na nafasi zilizokuwapo mwaka juzi huenda zisiwepo mwaka huu. Ulizeni ofisi ya elimu kambini kabla ya kutegemea habari mliyoisikia kwa jirani. Na mtu yeyote anayekuomba pesa ili akuandikie jina kwenye orodha ya masomo, huyo ni mwizi. Fomu za DAFI hazilipiwi.

MNAYOTUULIZA

“Mwanangu anaogopa damu.” Wengi huogopa mwanzoni, na wengi huzoea. Asipozoea, kuna maabara ambako damu iko kwenye kichupa, kuna famasia, takwimu, maji na usafi, lishe. Hofu ya damu isiwe sababu ya kuacha bayolojia.

“Kazi ya uuguzi si ya wanawake?” Nendeni mkatazame wodini. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza kitandani kunahitaji mikono yenye nguvu. Na wasichana nao wasiambiwe kwamba upasuaji au ufundi wa mashine ni kazi za wavulana. Kuna mzazi aliyetuambia msichana akisoma miaka mitano ataolewa na elimu itakuwa ya ukoo mwingine. Tulimjibu kwamba mkunga haachi ukunga wake nyumbani kwao siku ya harusi.

“Ni lugha gani inayotakiwa?” Masomo ni kwa Kiingereza. Wagonjwa husema Kinyarwanda, na mwanafunzi asiyekijua vizuri atapata shida anapoanza mazoezi wodini. Mliosomea Kongo kwa Kifaransa mna faida moja: maneno mengi ya tiba yanafanana. Kiswahili chenu nacho si mzigo. Mgonjwa kutoka Kivu anayeumwa mahali pa aibu, mbele ya mhudumu asiyeelewa lugha yake, husema nusu tu ya ugonjwa wake.

“Kazi hii ina hatari?” Ina hatari, na habari ya Marburg hapo juu inatosha. Kuna zamu za usiku, kuna maiti, kuna ndugu wa mgonjwa wanaotukana. Mshahara wa mwuguzi wa kituo haumfanyi mtu tajiri. Kijana aambiwe hayo mapema, na kama anaweza, asindikize mgonjwa hospitali mara moja au mbili, akae pale siku nzima macho wazi, awatazame wanaofanya kazi. Atajifunza mengi kuliko kwenye karatasi hii.

“Mimi nilikuwa mwuguzi Kongo, vyeti ninavyo, lakini hapa nakaa bure.” Swali hili hutoka kwa watu wazima, na tunalijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu wako wengi kuliko inavyodhaniwa. Waliosoma ITM wakapata A2, waliosoma ISTM wakapata A1, wengine walifanya kazi miaka kumi kabla ya kukimbia. Hatua ya kwanza ni kulinganishwa kwa cheti: cha sekondari hupelekwa kwa NESA, na cha chuo hupelekwa kwa HEC, zote za Kigali. Watataka cheti chenyewe, karatasi ya alama na kitambulisho cha mkimbizi. Baada ya kulinganishwa ndipo unaliendea baraza la wauguzi na wakunga kuomba usajili, na yawezekana ukatakiwa kufanya mtihani au mazoezi ya ziada kwanza. Inachukua muda. Aliyepoteza vyeti njiani aanze kwa kuandika jina la shule, mji, miaka aliyosoma na majina ya wakubwa wa shule anaowakumbuka, kisha alete karatasi hiyo kwenye ofisi ya elimu ya kambi, waone kama shule inaweza kupatikana kwa barua au simu. Wenye vyeti wasitembee navyo mfukoni. Fanyeni nakala, muache nyingine kwa mtu mnayemwamini, na cheti chenyewe kikae mahali pakavu. Kila msimu wa mvua kuna karatasi zinazoharibika ndani ya nyumba zinazovuja, na cheti kilichofutika wino hakisomeki kwa HEC.